Diski Yenye Picha za Ng'ombe Wangu

Jumatatu, 9 Juni

Kabula, acha kucheka! Nimelisha kuku, nimefagia uwanja, narudi ndani namkuta mjukuu wangu anaichekea kompyuta iliyogoma. Kioo cheusi. Maandishi meupe yanashuka, yanasimama. Ile ya zamani iliungua na umeme. Jana Kabula akaichomoa diski iliyokuwamo, leo kaichomeka kwenye hii ya mtumba. Hii inatumia programu ya Linux. Eti ya bure. Bure? Hapo hapo nikashuku.

Diski hiyo ina picha za ng'ombe wangu saba, niliompa shemeji Ngassa anitunzie huko Masumbwe. Mwezi uliopita kaniletea ngozi. Anasema jike langu la mabaka limekufa. Miaka sita sijaliona, na ngozi hiyo siiamini. Jumamosi tunakaa na wazee wa kule, na wazee hawataki maneno ya bibi, wanataka kuona. Ng'ombe hukua, mabaka hayabadiliki.

Jana niliona diski ina vijino vya dhahabu mwishoni. Dhahabu naijua. Nikavipaka rangi ya kucha ya Kabula, ile isiyoonekana, asije mtu akavikwangua. Sikumwambia mtu.

Jumanne, 10 Juni

Kaja fundi Athumani. Mtu mzima, ana mvi. Diski ikitolewa, mashine inawaka. Ikirudishwa, inagoma. Kabadilisha waya, bado. Kachomeka diski yake mwenyewe kwenye waya uleule, ikawaka. Ugonjwa uko kwenye yangu.

Anataka kwenda nayo dukani. "Niachie, bibi, wewe ukapumzike."

Nimeponda mawe ya dhahabu Geita mpaka mgongo ukapinda. Anayekwambia ukapumzike wakati mawe yako yako kwenye karasha, ile mashine ya kuyasaga, huyo mwizi. Nikamuuliza ameoa wapi. Masumbwe! Nimemnyang'anya diski. Iko chini ya mto wangu.

Jumatano, 11 Juni

Simwamini. Kabula kanuna.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemruhusu Athumani arudi, lakini afanyie kazi mezani kwangu. Nimekaa goti kwa goti naye. Kaleta kioo cha kukuzia na tochi. Katazama. Kaigeuza. Katazama tena.

"Bibi, nani kapaka rangi ya kucha hapa?"

Kabula akanitazama. Mimi nikatazama kuku.

Kafuta kwa pamba na spiriti, taratibu. Anasema mashine ilikuwa inaisubiri diski ijibu, nayo imezibwa mdomo. Kaichomeka. Imewaka.

Aibu imenishika hadi shingoni. Radhi sikuomba. Nimemfungia michembe ya viazi vitamu vikavu kwenye mfuko. Akatafuna mmoja hapo hapo, akasema, "Tamu, bibi, ila hii hujaipaka rangi?" Mshenzi. Nilicheka baada ya yeye kuondoka.

Ijumaa, 13 Juni

Kabula kafungua picha. Tumetandaza ngozi uani. Jike langu lina doa jeupe begani, kubwa kama ungo. Ngozi haina. Nimemwambia atazame mara tatu. Haina.

Nilidhani nitafurahi. Ngassa ndiye aliyenishika mkono kaburini siku ya mume wangu. Ugali umenishinda.

Kabula, chapa picha zote saba. Kunja ngozi, funga kamba. Kesho tunapanda basi la kwanza. Ukimwona babu yako Ngassa, mpe shikamoo kama siku zote, na usifungue mdomo mpaka wazee wakae.