Wasichana Walioitwa Sijaona

Nampula, 3 Septemba 2022

Mama yangu Sijaona,

Asalaam aleikum. Mimi mgongo unauma ila nabeba. Gasenyi mmeamkaje? Tumbo la mama yako limetulia? Kwenye simu analia tu, hatusikilizani, ndiyo maana naandika. Byamungu, dereva wa lori letu, atakuletea.

Tumekuona gazetini ukishinda mbio za mita mia nane. Mbele yako hapakuwa na mtu. Picha yako nimeibandika mlangoni pa ghala la saruji. Nimewaambia wote hapa: huyu ni binti yangu Sijaona, ana jina la mama yangu, ndiyo maana namwita mama.

Mwanao na baba yako,
Uthmani

Gasenyi, Bujumbura, 20 Oktoba 2022

Baba,

Waaleikum salaam. Mama anakula vizuri. Ukande mgongo na maji ya moto.

Walinipokea na ngoma, wakanizungusha mpaka Kigobe juu ya pikapu kama mbuzi wa Idi. Cheka tu. Lakini jirani yetu Léoncie, Mkristo kabisa, kajifungua msichana, kamwita Sijaona. Mwanasiti wa dukani naye hivyo hivyo. Nikipita mazoezini wananinyanyulia watoto: "Somo yako huyu, msalimie."

Binti yako,
Sijaona

Gasenyi, 11 Julai 2023

Baba,

Unisamehe kwa kimya changu. Mama mzima, na wewe?

Wakubwa wa mbio walipima damu yangu. Wanasema mwili wangu unatengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Nimezaliwa hivyo, sikunywa kitu. Nimeze vidonge vya kuzipunguza, ama niache mbio. Redio imeshatangaza. Nifanye nini?

Binti yako,
Sijaona

Nampula, 30 Agosti 2023

Mama yangu,

Salaam. Mgongo bado.

Nakujua tangu siku ya kuzaliwa, sihitaji kipimo. Lakini sisi hapa tunameza vidonge vya maumivu ndipo tubebe. Meza na wewe, ukimbie. Bila mbio watakusahau.

Mwanao na baba yako,
Uthmani

Gasenyi, 2 Mei 2024

Baba,

Natumaini umeamka salama. Mama anakusalimu.

Nilimeza kama ulivyosema. Nilitapika miezi, miguu ikawa si yangu. Juzi, uwanjani hapa Bujumbura, nimemaliza wa mwisho. Watu wanapiga kelele, "We kaka, chapuka!"

Leo bombani Mwanasiti alikuwa anamwita mtoto wake: "Yasmina." Nikauliza somo yangu kaenda wapi. Akasema, "Usinichukie, dada. Huyu ataenda shule, watamcheka." Léoncie alishabadilisha wa kwake zamani.

Sikulaumu, Baba. Lakini sikimbii tena. Huko wanachukua wanawake kazini?

Binti yako,
Sijaona

Nampula, 9 Juni 2024

Sijaona,

Salaam kwako na mama yako. Mgongo ni ule ule.

Njoo. Wanawake wanachota maji ya zege, na wewe nguvu unazo. Byamungu atakupitia.

Picha nimeibandua. Habari ilifika na huku, wananiuliza, "Mzee Uthmani, wewe ulizaa nini?" Nilipigana na mmoja, nikaanguka mimi. Msimamizi hataki kelele kazini. Sura yako hawaijui, ile picha ilikuwa ya mbali. Jina ndilo wanalijua, nililitangaza mwenyewe.

Ukifika sema unaitwa Zubeda, mtoto wa dada yangu. Tuanze kuzoea hapa hapa kwenye barua.

Mjomba wako,
Uthmani