Hita Iliyokataa Kutoka

Baba Furaha, mume wangu,

Pokea salamu zetu huko uliko. Mama yako anakusalimu, yuko chumbani juu kwenye kile kiti cha dirishani, miguu nimemfunika blanketi. Furaha anakusalimu, bado anafanya kazi kule kwenye ghala la nguo, nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, lakini jina lako analitaja kwenye sala, nimemsikia. Jirani yetu Mzee Gurdev anakusalimu, anasema mwambie yule Mkongo ameniachia kazi ngumu. Wanakwaya wanakusalimu. Mimi nakusalimu wa mwisho, maana mimi ndiye mwenye maneno.

Hatuna maji ya moto. Hita imeungua, ile ya kupasha maji ndani ya tangi kwenye kabati la juu. Na unajua vidonda vya miguu vya mama yako. Nesi alisema vioshwe kwa maji ya moto asubuhi na jioni, basi nikawa nachemsha sufuria jikoni, napanda nayo ngazi, naomba Mungu njia nzima. Siku moja yule mama wa soshal, wa ustawi wa jamii, akanikuta katikati ya ngazi, sufuria inafuka mvuke. Hakunigombeza. Angenigombeza ningejua la kusema. Alisema kwa upole tu kwamba nyumba isipokuwa na maji ya moto, mama itabidi apelekwe kwenye nyumba ya wazee, Northfield, huko kuna kila kitu.

Nikampigia mwenye nyumba. Akasema tangi mmelichezea wenyewe, yeye haligusi. Na kweli ulilichezea. Lilipoanza kuvuja pale hita inapoingilia, hukutaka kungoja mtu. Ulichukua pamba, ukailoweka kwenye rangi ya mafuta, ukaishindilia kwa patasi kuzunguka shingo ya hita, vile ulivyokuwa ukiziba boti za mbao kule kwetu Baraka, ziwani. Ukaniambia, "Mama Furaha, boti yangu haijawahi kunywa maji." Na halikuvuja tena hata tone. Sasa ile pamba imekuwa jiwe, na hita mpya haiwezi kuingia mpaka ya zamani itoke.

Mzee Gurdev alikuja na spana yake kubwa. Akazima umeme, akafunga maji, tukayatoa ya ndani kwa mpira mpaka uani. Akavuta spana, wapi. Akagongagonga kwa nyundo, akakwangua pamba kwa kisu, akapasha moto kwa taa ya gesi mpaka nyumba nzima ikanuka rangi. Wapi. Akasema kwa kile Kiswahili chake cha Kisumu alikokulia, "Huyu bwana yako alikuwa nafunga tangi ama nafunga jela?" Nikacheka, Baba Furaha. Sikuwa nimecheka tangu tukuzike. Mama yako akasikia nyundo, akaita kutoka chumbani, "Mwacheni mwanangu afanye kazi, msimsemeshe." Mzee akavua miwani akaifuta.

Akaniambia nilishike tangi lisizunguke. Nikalikumbatia, shavu langu kwenye shaba, naye akavuta kwa uzito wake wote. Nikasikia limegeuka. Nikasema, Mungu wangu, asante. Kumbe si hita iliyogeuka, ni tangi lenyewe. Shaba ilijikunja kama nguo unayoikamua, ikachanika, na maji yaliyokuwa yamebaki yakanimwagikia tumboni. Mzee akaweka spana chini. "Basi, mama," akasema. "Hii imekwisha." Hita yako bado imeng'ang'ania kipande chake cha shaba, hata baada ya tangi kufa haijakubali kutoka.

Wewe sikulaumu, mume wangu. Ulifunga vizuri kuliko tangi lilivyoweza kuvumilia.

Wale wa soshal wanakuja kumchukua mama yako Ijumaa. Pale hospitali, sauti imekwisha, uliniambia, "Mama yangu usimwachie watu." Nimejaribu. Nilimwendea mchungaji, nikamrudia mwenye nyumba, nikaomba hata wale wa kwenye simu wanaokwambia subiri halafu wanakupigia muziki. Sijui tena mlango wa kubisha. Kule Northfield hakuna anayejua neno lake hata moja. Ataomba maji, watamfunika blanketi.

Kumrudisha nyumbani siwezi kukuahidi, maana sioni njia. Nakuahidi hili: nitapanda mabasi mawili kila siku ya Mungu, nitamwosha miguu kwa mikono yangu hata wakisema ni kazi yao, nitampelekea mboga yake ya sombe na ugali wa muhogo, nitamsemesha mpaka wanifukuze.

Lala salama, mume wangu. Ila kuna neno moja. Mama yako nimemwambia mara nyingi kwamba umekufa. Analia, halafu anasahau, na mimi tena ndiye wa kumwambia. Ijumaa wakimnyanyua atauliza kwa nini hutoki kuwazuia, na safari hii nitakosa nguvu ya kukuzika upya mbele ya wageni. Mjie usingizini wewe mwenyewe. Mwambie aende nao, mwambie si mimi niliyemtoa. Nikisema mimi haamini. Usikawie, Baba Furaha, leo ni Jumatano.

Mkeo,
Mama Furaha