Mayai ya Akina Mama wa Matulo

Kitale,
24 Februari 2025

Baba mpendwa,

Mulembe. Natumaini wewe na Mama hamjambo huko Misikhu, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua. Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo imeanguka kidogo.

Najua umeshangaa kupokea barua yangu kwa mkono wa Wanyoike, dereva wa pikapu ya mayai, badala ya simu. Simu ndiyo iliyoniponza. Sasa naifungia kabatini, naitoa jioni tu.

Wiki jana mayai mia tatu ya akina mama wa Matulo yaliharibika kwenye mashine yangu ya kuangulia. Siku tatu za mwisho lazima ndani kuwe na unyevu wa kutosha, na trei ya maji ilikuwa imekauka. Nilikuwa nimebeba jagi nikaijaze, simu ikalia. Mteja anauliza vifaranga. Nikamjibu, nikamtumia picha, mwingine akapiga, nikaingia kusoma jumbe. Jagi nililikuta kesho yake kando ya mlango, limejaa.

Nilivunja yai moja nione. Baba, kifaranga alikuwa amekamilika. Kucha, kope, manyoya yamelala kama yamechanwa. Utando ulimkaukia ukambana kama karatasi yenye gundi. Nilikaa chini sakafuni. Siku ishirini nilikuwa nikiona mayai tu, kumbe kila ganda lilikuwa nyumba yenye mwenyewe.

Nilienda Matulo kuwaambia mwenyewe. Hawakunitukana. Kiongozi wao, Nanyama, alisema, "Si umekuja na miguu yako? Tarehe kumi Machi tutakuletea mengine. Lakini safari hii, bana, angalia."

Niko peke yangu kwa hii kazi. Fundi ni mimi, mfagiaji ni mimi, karani ni mimi. Sijui kama akili moja inatosha. Niambie ukweli.

Binti yako,
Nangila

*

Misikhu,
4 Machi 2025

Kwa binti yangu Nangila,

Salamu nyingi sana kutoka kwetu. Goti linaendelea vyema. Mama yako anakusalimu, na anauliza kama unakula.

Sitakuficha. Nilipomaliza kusoma barua yako nilimwambia mama yako kwamba afadhali urudi kazi ya ofisi, maana shughuli ya watu watano haifanywi na mmoja. Akaniuliza, "Na yule kuku nyuma ya jikoni, analalia mayai kumi na mawili akisaidiwa na kamati gani?"

Basi nikachukua kiti na saa yangu nikaenda kumtazama. Unajua mimi miaka thelathini na mmoja nilisoma kipimo cha mvua cha serikali, kila siku saa tatu kamili asubuhi. Kuangalia naweza. Lakini Nangila, nina miaka sabini na miwili. Kuku nimemla harusini, matangani na Krismasi. Kumwangalia, sijawahi.

Anatoka mara moja tu kwa siku. Jana alitoka saa nne na dakika tano, akanywa, akala, akajigaragaza vumbini, na baada ya dakika kumi na saba alikuwa amerudi. Jogoo alimwita, hakugeuka. Mvua ilipopiga mabati kuku wengine wote walikimbia huku na huku, yeye alifumba jicho moja. Kila baada ya muda anaingiza mdomo chini ya kifua, analigeuza yai, la pembeni analileta katikati, la katikati analipeleka pembeni. Nani alimfundisha?

Leo asubuhi niliinama nikaweka sikio karibu. Alinidonoa, lakini nilikuwa nimeshasikia. Mayai yanalia! Kutoka ndani. Na yeye anayajibu, kwa sauti ndogo ambayo sijasikia kuku akiitoa maisha yangu yote. Nilimwita mama yako aje haraka. Akasema, "Ati umejua leo?"

Sijui nikushauri nini. Nimekuandikia nilichoona.

Baba yako,
Walubengo

*

Kitale,
18 Machi 2025

Baba mpendwa,

Mulembe sana. Mko aje? Mwambie Mama nakula. Barua yako nimeisoma mara nne, na kila nikifika kwa hiyo kamati nacheka peke yangu.

Mayai yaliingia tarehe kumi, mia mbili na sitini. Kila moja nimelichora kwa penseli, msalaba upande mmoja na duara upande wa pili, ili nikigeuza nisijidanganye. Nageuza mara tano kwa siku. Mlangoni nimeandika kwa chaki kwamba wateja waje Jumanne na Ijumaa tu. Watu wamenung'unika. Jelagat, fundi wa nguo wa mlango wa pili, anasema siku hizi naringa, maana hata chai yake naikataa.

Kugeuza yote huchukua dakika arobaini. Siku za kwanza akili ilikuwa inakimbia kama ndama aliyekata kamba: simu, kodi, fulani alisema nini. Sikuifukuza. Nilirudi tu kwa yai lililo mkononi, kisha kwa lile linalofuata. Siku ya nne ikatulia yenyewe. Sasa nikigeuza sisikii hata malori barabarani.

Jana niliyamulika. Nilifunga madirisha, nikashika yai juu ya tochi. Mishipa imetanda ndani kama mizizi ya mche wa sukuma ukiung'oa polepole. Katikati kuna doa jekundu, Baba, na doa linadunda. Bado hakijawa kifaranga, na tayari kina kazi yake na kinaifanya. Niliendelea kuangalia, moja baada ya jingine, mpaka la mwisho.

Siku mbili hizi kichwa kinaniuma na chakula hakina ladha. Si kitu. Sina nafasi ya kuugua.

Binti yako,
Nangila

*

Wodini, Kitale,
27 Machi 2025

Baba,

Mulembe. Asante kwa kuja. Mama yuko hapa kando ya kitanda na anasema niandike kidogo. Barua hii ataileta mwenyewe akija kuchukua nguo zangu.

Ni malaria. Daktari anasema mwili ulikuwa umeisha nguvu kabla hata haijaingia. Jelagat amenisimulia alivyonikuta juzi, sakafuni, nimeshika yai, na yai halijapasuka. Alikuwa amebisha mara tatu, akadhani namkataa kama kawaida. Mara ya nne alisukuma mlango. Namba yako ilibidi aiombe kwa Wanyoike, kwa sababu simu yangu ilikuwa kabatini. Nimelifikiria hilo usiku kucha.

Mama ameniambia kwamba wewe umesema, "Kaa na mtoto, mimi nitakaa na mayai." Basi fanya hivi. Joto liwe nyuzi thelathini na saba na nusu. Trei ya maji isikauke, uijaze kupitia mrija wa nje. Kesho jioni geuza mara ya mwisho, halafu usiyaguse tena. Stima ikipotea, funika mashine kwa blanketi.

Jumatatu wataanza kutoka. Ukiona mmoja amekwama, usifungue mlango wa mashine. Unyevu ukitoka, wengine wote watabanwa na utando. Najua moyo wako. Usimsaidie, Baba.

Binti yako,
Nangila

*

Kitale,
29 Machi 2025

Kwa binti yangu Nangila,

Tumshukuru Mungu, mama yako anasema jana ulikunywa supu. Huku kwako ni kuzuri ila kiti chako ni kibovu.

Nimegeuza mara ya mwisho jana saa kumi na mbili jioni. Jelagat alinisaidia, yeye upande wa misalaba, mimi nahakikisha duara. Leo mvua kubwa ilikuja na stima ikapotea kuanzia saa nane mchana mpaka saa tisa na nusu. Tulifunika kwa blanketi, kisha Jelagat akaleta yale makoti ya shule anayoshona, tukaongeza. Joto lilishuka nyuzi moja tu. Analeta chai kila saa nne. Mimi siikatai.

Baba yako,
Walubengo

*

Kitale,
31 Machi 2025

Mayi,

Nakuita kama nilivyomwita mama yangu, maana leo sijui nikuite nani.

Jana jioni yalianza kulia. Yai moja, kisha kona nzima, kisha mashine yote. Asubuhi nikaona ufa wa kwanza, mdogo kama punje ya mtama. Nilivuta kiti mbele ya kioo na sijainuka ila kujaza maji.

Saa tano Nanyama alifika na wenzake wawili. Walikuwa wanaongea tangu barabarani. Wakainama wote watatu kwenye kioo. Nanyama akasema, "Mzee, mimi maganda nayatupa shambani kila siku. Sikujua kuna mlango."

Sasa nikueleze juu ya mmoja. Yuko safu ya pili, pembeni. Alitoboa saa moja na nusu. Alipiga, akapiga, kisha akanyamaza. Wenzake walimpita. Saa sita alikuwa amelala na mdomo nje, hasogei. Nilijua amekufa. Kisha nikajua hajafa, anakufa, na mkono wangu ukaenda kwenye komeo. Nanyama akasema, "Si ameandika usifungue?" Nikamjibu, "Ameandika." Niliikalia mikono yangu kama mtoto wa shule.

Akapiga tena. Alikuwa anapumzika tu. Akapiga kidogo, akalala. Akajizungusha kidogo ndani ya ganda, akapiga mahali papya, akalala. Hakuna aliyemwonyesha njia na hakuna aliyemharakisha. Saa tisa na dakika ishirini alisukuma kwa mgongo na ganda likafunguka kama kifuniko. Akatoka amelowa, mbaya kabisa, shingo haishiki kichwa. Nilivua kofia. Niligundua baadaye kwamba nimeivua.

Wametoka mia moja themanini na wanne, na wengine bado wanagonga. Yale maneno yangu ya kurudi ofisini, nimeyaondoa.

Kunywa uji, ulale. Yule wa pembeni alilala mara kumi na moja kabla ya kutoka. Niliandika zote.

Baba yako,
Walubengo