Kamba ya Katani Kwenye Kiti cha Kombaini

Shikamoo Baba,

Najua hutaitikia, lakini sikulelewa kuanza kusema na mzazi bila shikamoo. Na heshima nimeshaivunja mara moja wiki hii, inatosha.

Siku hizi nafanya utafiti wa mapigo ya moyo. Ndiyo, mimi yule yule niliyekuwa naikimbia sindano! Tunazunguka mashamba haya haya ya ngano na mashine inayochora mapigo ya mtu kwenye karatasi. Tunawatafuta watu ambao moyo wao hukimbia ghafla, ukapoteza mwendo wake, mtu akaanguka bila hata kuumwa. Kazi hii niliichagua kwa sababu yako. Sijamwambia mtu.

Unaikumbuka ile kamba ya katani? Wakati wa mavuno madereva hamkushuka kwenye kombaini, uji tuliwaletea huko huko juu. Nikapanda na kikombe, nikakuta umejifunga kiuno kwenye kiti. Ukacheka. "Ni kausingizi tu. Usimwambie mama yako, watanishusha." Nikanyamaza. Nilijiona mkubwa, kupewa siri na Baba! Siku chache baadaye walikukuta umekaa wima, kamba imekushika, mashine inanguruma yenyewe ukingoni mwa shamba, nawe umeshaondoka.

Baba, mwanzoni mwa wiki hii ilikuwa zamu ya madereva wa shamba la Basotu kupimwa. Kaka Gabrieli, naye dereva wa kombaini kama wewe, hakuja. Nikamfuata shambani, nikabeba uji kama kisingizio. Nilipopanda, kamba hiyo hapo. Kiunoni.

"Nimeanguka mara mbili tu," akasema, "tena ilikuwa njaa. Usimwambie Mama." Jamani! Na kicheko ni chako kile kile.

Nilimbembeleza mpaka akakubali kulala kwenye gari letu, nikampima. Karatasi ilipotoka niliikunja haraka asiione. Ule mwendo ninaoutafuta kwa watu baki, nimeukuta kwa ndugu yangu wa tumbo moja.

Nikaenda moja kwa moja kwa meneja wa shamba. Akamshusha siku ile ile. Amepelekwa hospitali, amerudi na vidonge, na daktari anasema tusubiri tuone kama vitamshika. Kusubiri huko ndiko kunakonimaliza. Mtu akibisha hodi tu, nahisi wameniletea habari. Najua mambo mengi ya moyo, Baba, lakini hili la kama ataamka kesho silijui.

Nampitia kwake kila asubuhi. "Shikamoo, kaka." Kimya. Mdogo, tena wa kike, amemshusha mkubwa wake kwenye kombaini katikati ya mavuno, mbele ya wenzake. Unajua jambo hilo lilivyo kwetu. Mama naye ananiambia nikamwombe radhi. Nimekataa. Gabrieli ananipa mgongo, anawafokea ng'ombe, nami nasimama uani nikiisikiliza sauti yake mpaka niridhike. Halafu naenda kazini.

Nilibaki na kamba yake. Ipo kwenye begi langu, chini ya karatasi za kupimia.

Pumzika, Baba. Nakuahidi kesho nitampitia tena, na keshokutwa, hata kama marahaba yake sitaipata mwaka huu. Acha aninunie. Ningekusema wewe kwa Mama siku ile, huenda mpaka leo ungekuwa bado umeninunia.

Binti yako,
Paulina