Chatu Wangu Hali Mayai

Vitongoji, Alkhamisi, Mei 1959

Jini, eti! Chatu niliyemlea tangu ana unene wa kidole leo kawa jini, kwa kuwa katapika panya. Katapika kwa baridi, basi. Mvua haijakatika siku tatu, nami nikamlisha jana nikaliacha tenga lake ukutani panapovuja. Kosa langu, nalikiri.

Wifi yangu Bi Mize alipoona, akaleta chetezo cha ubani na mayai matatu, akayapanga mbele ya tenga. "Jini kakasirika," akaninong'oneza. "Mtoe, au kaka yangu atachagua, wewe au nyoka."

"Huyu hali mayai wala moshi, Bi Mize. Anataka joto."

Akaondoka amenuna. Nikapasha mchanga chunguni, nikautia guniani, nikamlaza juu yake karibu na meko. Hali kitu mpaka wiki ipite. Naogopa atakufa, sifichi. Lakini kumtoa, simtoi.

Jioni mume wangu karudi na njaa. Nikamkaangia mayai ya dada yake kwa kitunguu. Kala yote matatu, akafuta mdomo, akauliza, "Na chatu wetu hajambo?"