Dawa Ileile, Boksi Jingine

Jumatatu, 18 Agosti 2025
Krimu imekwisha. Nimeikata tyubu kwa mkasi, nikakwangua kwa kidole – ya usiku mmoja tu. Daktari alisema miezi mitatu bila kuruka. Hii ni wiki ya saba, na chunusi zimeanza kukauka. Hata Wahida, tunayekaa naye dawati moja, amesema uso wangu ulikuwa barabara ya Mkange, sasa unatiwa lami. Nimecheka. Zamani ningelia.

Jumanne, 19 Agosti
Mimi na mama tumezunguka Dunda nzima kwa miguu. Maduka matatu ya dawa. Hakuna. Kwenye la mwisho, dada Najma muuzaji alisoma cheti, akasema ya jina hilo haiji tena, ila ipo ya kiwanda kingine, dawa ileile. Akaweka boksi la kijani mezani. Letu lilikuwa jeupe. Mama hakuligusa.
"Mwanaharusi naye aliambiwa ni ileile." Akanishika mkono, tukatoka.
Mwanaharusi ni mdogo wake mama. Kabla ya harusi aliuziwa mkorogo wa kujichubua, akaambiwa ni krimu yake ileile. Mpaka leo mashavu yana mabaka, hatoki bila kujifunika uso. Mama ndiye aliyemuuguza.

Jumamosi, 23 Agosti
Chunusi mbili mpya kidevuni. Zinauma. Mama amenisagia kijiti cha liwa, akanipaka mwenyewe, taratibu. Ngozi yangu bado laini kwa ile krimu – imewaka kama pilipili. Nimenawa kimya, asione.
Madrasa, ustadha Mardhiya kanipanga mstari wa mbele wa kasida ya Maulidi. Nimeomba nirudi nyuma. Akauliza kama nimesahau maneno. Nikasema ndiyo. Uongo.

Jumatatu, 25 Agosti
Baada ya shule nimempelekea dada Najma tyubu yangu iliyokatwa. Tumelinganisha na ile ya kijani. Jina kubwa ni la kiwanda, akasema, jina dogo ndilo dawa. Adapalini, asilimia 0.1. Zote mbili. Nimenakili kwa mwandiko wangu mzuri, nikampa mama. Kasoma mara mbili.
"Karatasi haina ngozi, mwanangu."

Alhamisi, 28 Agosti
Natafuta sukari, nakuta boksi la kijani nyuma ya mkebe wa majani ya chai. Limefunguliwa. Tyubu imebonyezwa kidogo. Nimelirudisha vilevile.

Jumapili, 31 Agosti
Nimemkuta mama dirishani na kioo changu, anatazama shavu lake la kushoto. Nilidhani angejaribia mkononi. Shavu!
"Siku ya nne," kasema bila kugeuka. "Linawasha. Na lako liliwasha hivi?"
Ndiyo mama, wiki ya kwanza.
Kakiweka kioo chini: tungoje Ijumaa, likipoa upake.
Maulidi ni Alhamisi.
Baada ya alasiri nimekwenda madrasa. Nimemwambia ustadha maneno nimeyakumbuka, kama nafasi ya mbele bado ipo. Kaniangalia uso, akasema nisimame pale, nianze ubeti wa kwanza, asikie. Nimeanza.