Kiburi cha Asubuhi

Dar es Salaam

Kaka Zakaria,

Shikamoo. Nipe habari za kifua chako, za mama, na za yule ng'ombe uliyemleta kutoka Kwai, kama ameshalizoea zizi. Hapa tu wazima. Joto linatuchosha, lakini mwanao Hilda anakula, na juzi alinimalizia ugali nikiwa bado nanawa mikono.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu unaikata. Barua utaikunja kwa hasira, kisha utaifungua tena.

Jumapili ulisema hivi, nami nanukuu kama ninavyonukuu mahakamani, maana ndiyo kazi inayonilisha: "Mtoto amepona. Nimeona picha anaruka kamba. Mrudishe, apate kipaimara na wenzake, abaki nyumbani." Jibu langu ni kwamba kwa kipaimara nitamleta. Kubaki, habaki.

Picha ile niliipiga jioni. Jioni Hilda huruka kamba. Ya asubuhi sikuipiga, maana mikono yangu ilikuwa inamvalisha soksi.

Kumbuka mambo yalivyokuwa hapo Magamba. Kukicha, mtoto wa kike aende kwa babu yake, amwamkie onga makeo na kupiga goti. Hilda akaanza kumwamkia babu amesimama wima, ameshika mlango. Baba akasema mtoto ameota kiburi. Mchana akaonekana anacheza rede na wenzake, basi kiburi kikathibitika. Wifi alimpeleka zahanati, tena si mara moja, lakini mpaka wafike na kungoja zamu, jua liko utosini na magoti yameshalegea. Wakaambiwa mtoto hana kitu. Simlaumu aliyempima. Alipima alichokiona.

Nilipomchukua nikaja naye huku, kwenye hospitali ya chuo cha udaktari, nusura yawe yaleyale. Tulionwa mchana. Mwanafunzi mmoja wa udaktari, kijana mpole mwenye miwani, alimwambia Hilda achuchumae na kuinuka. Akachuchumaa, akainuka. Kijana akamgeukia mwalimu wake, Dokta Saumu, ambaye ni bingwa wa magonjwa ya kinga na maungio ya watoto, akasema hali ni ya kawaida.

Dokta Saumu hakumkaripia. Alimuuliza Hilda anaamkaje asubuhi. Hilda akaniangalia mimi. Nikasema nyumbani wanasema asubuhi ana kiburi. Wanafunzi wakacheka.

"Kiburi chenyewe kinaisha saa ngapi?" akauliza daktari.

Hilda akajibu mwenyewe. "Jua likishapanda."

Dokta Saumu akaagiza alazwe, akawaambia wanafunzi wake wafike alfajiri, kabla mtoto hajashuka kitandani.

Walifika wote. Dokta akamwomba Hilda amwamkie kama anavyomwamkia babu yake. Alishusha miguu polepole, akashika chuma cha kitanda, akajaribu kupiga goti. Goti likakunjika kidogo, likagoma. Yule kijana wa miwani aliligusa, akasema lina joto na limevimba. Hilda akamwambia, "Samahani, sijaweza."

Mwanao aliomba radhi kwa kuumwa, kaka. Nayaandika hayo bila kuongeza neno.

Daktari alitueleza kwamba kinga ya mwili wake, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inayashambulia maungio yake mwenyewe. Akilala usiku kucha yanakaza, akitembeatembea yanalegea. Watu huita baridi yabisi, ila baridi ya Magamba haihusiki, na si ugonjwa wa wazee peke yao. Anachomwa sindano kila Ijumaa. Jumamosi anatapika, nami nashika ndoo. Sikufichi. Lakini mwezi uliopita alivaa soksi ya mguu mmoja peke yake, na shuleni mwalimu mkuu amekubali aingie baada ya kipindi cha kwanza.

Kuna jambo ambalo kwenye simu hukunipa nafasi ya kulisema. Ugonjwa huu unaweza kuingia ndani ya jicho bila kuuma na bila wekundu, ukala uwezo wa kuona kimyakimya. Walipompima kwa mashine waliukuta kwenye jicho la kushoto. Hilda hakuwa amelalamika hata siku moja. Sasa anawekewa dawa ya matone, na lazima jicho litazamwe mara kwa mara. Ukimrudisha abaki, nani hapo nyumbani atauona ugonjwa ambao mwenye jicho mwenyewe hausikii?

Nasikia unapanga kuja kumchukua. Karibu. Nitakupokea stendi, nitakupikia, na asubuhi utamwona akishuka kitandani. Ukishaona, na bado ukataka kuondoka naye, utanikuta nimekaa mlangoni.

Kuhusu kipaimara, ibada ni asubuhi na watoto hupiga magoti madhabahuni. Nimeshazungumza na mchungaji. Hilda akishindwa atawekewa mikono akiwa amesimama. Kama wewe na baba mtaona aibu mbele ya usharika, kaeni mabenchi ya nyuma. Mimi nitakuwa mbele, karibu naye. Jumanne inayofuata tunapanda basi kurudi huku.

Msalimie mama, mwambie shali aliyotuma inatumika kufunikia magoti. Msalimie wifi, yeye aliyeamini mapema kuliko sisi wote. Msalimie mjomba anayechunga msitu. Na baba mdogo wa Mponde, aliyewaambia wachuma chai wenzake kwamba sina mtoto ndiyo maana nimejipatia wa bure, naye msalimie. Mwambie habari zimenifikia, na kwamba Jumamosi moja aje ashike ndoo.

Baba mpe shikamoo yangu. Ya Hilda amenituma niiandike kama alivyoisema: "Mwambie babu siku ya kipaimara nitamwamkia jua likishapanda."

Mimi mdogo wako, shangazi yake Hilda,

Naomi